Glavu namba 10 si ya kila mkono

Kijana mmoja anayebeba makala pale Kituku anavaa glavu moja tu. Ni nyeupe, ama ilikuwa nyeupe, ya ngozi laini, yenye matundu madogo juu ya vidole na kamba fupi ya kubandika kwenye kifundo cha mkono. Anaivaa mkono wa kushoto. Nilimuuliza ya kuume iko wapi. Akacheka: "Papa, haina mwenzake. Niliipataka mu balo, kule Birere, ilikuwa moja tu. Lakini inakamataka gunia muzuri kuliko zile za mpira."

Ilikuwa glavu ya golf. Kwa asiyeujua mchezo huo: ni ule wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu mpaka uingie katika shimo, kwenye uwanja wa majani ambao kwetu ungelisha kijiji kizima maharage. Goma hatuna, mawe yetu ya volkano yangevunja fimbo zote siku ya kwanza. Aliyefika Lubumbashi anajua uwanja wao, na mtaa mzima kule unaitwa Golf. Sasa, mchezaji anayetumia mkono wa kuume anavaa glavu moja, ya kushoto, juu mkono wa kushoto njo unaokamata fimbo pale juu ya mpini. Ukiteleza, mpira unaenda porini. Njo maana glavu hizo zinauzwa moja moja. Ndani ya balo hakuna kilichopotea.

Nilipomweleza hivyo, kijana alishangaa kwamba matajiri nao wananunua nusu ya kitu. Mimi nilishangaa jambo lingine. Miaka yote niliyofanya sendika ya wafanyakazi wa migodi, nimeona makartoni na makartoni ya glavu zikigawiwa, na sikumbuki mara nyingi kuona mfanyakazi akifurahia glavu yake namna kijana huyu alivyoifurahia hii ya kuokota. Sababu ni moja: hii inamwenea. Ngozi yake ni nyembamba, mara nyingi ni ya kondoo wale wa nchi za joto wenye nywele badala ya sufu, na kwa kazi ya makala haitadumu. Itapasuka. Lakini leo inamwenea, na glavu inayomwenea mtu inamfanya ashike mzigo bila kuufikiria.

Watu wa golf wanajua kitu ambacho sisi wa migodini na wa bandarini hatujapewa bado: mkono hauna ukubwa tu, una umbo pia. Katika duka lao utakuta namba za kawaida, ndogo mpaka kubwa, halafu pembeni aina nyingine inayoitwa "cadet". Cadet si ya watoto. Ni ya mtu mzima mwenye kiganja kipana na vidole vifupi. Wameona kwamba watu wa namna hiyo ni wengi, wakawashonea. Na wakati wa kujaribu hawana haraka: wanavuta glavu mpaka kwenye kitako cha vidole, wanaangalia ncha za vidole zisibaki na nafasi tupu, wanakunja ngumi na kutazama kama kiganja kimefanya mikunjo, kisha wanafunga ile kamba. Kamba ikifika mwisho kabisa, glavu ni kubwa. Isipofika kwenye sehemu yake, ni ndogo. Ikiwa mtu yuko katikati ya namba mbili, wengi wanachukua inayobana, kwa sababu ngozi italegea kidogo.

Yote hayo kwa ajili ya mchezo. Yule anayeshusha mbao za Idjwi kutoka kwenye mtumbwi, au anayegonga mwamba Rubaya kutafuta koltani, yeye anaambiwa: "Kamata hii, saini hapa."

Nitasema jinsi mambo yanavyoenda katika kampuni, halafu nitarudi Kituku.

Katika kampuni moja, ambayo sitaitaja, nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi. Depo ilikuwa inapokea glavu za aina moja, namba moja, 10. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba namba kubwa inaingia mkono wowote. Ni kweli, inaingia. Hata gunia linaingia mkono wowote. Wamama waliofanya kazi ya kuchagua mawe mezani walikuwa wanakata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu na kujifunga kwenye kifundo cha mkono ili glavu zisianguke. Vidole vya glavu vilibaki na ncha tupu za urefu wa punje mbili za mahindi, zikining'inia. Wengine walizivua kwa siri na kuziweka mfukoni, wakazivaa tena msimamizi akipita.

Siku moja ncha tupu ya glavu ya mwenzetu mmoja, mwanaume, ilinaswa kati ya mkanda na gurudumu la mashine ya kusafirisha mawe. Glavu ilikwenda na kidole kikaifuata. Alipoteza pingili mbili. Tulipokaa na wakubwa, walituwekea daftari mezani: hii hapa saini yake, alipewa vifaa vya kujikinga, kwa hiyo uzembe ni wake. Daftari liliandika "glavu, jozi 1". Halikuandika namba. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba mtu wa namba 8 alivishwa 10.

Tangu siku ile, katika kila barua ya madai ninayosaidia kuandika, neno "glavu" haliendi peke yake. Namba inaandikwa. Na ninawaambia wafanyakazi: usisaini kupokea kitu kisichokuenea, ama ukilazimika kusaini, andika pembeni kwa mkono wako namba uliyopewa na namba unayohitaji. Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, ile Code du travail, inamwekea mwajiri jukumu la afya na usalama wa watu wake kazini. Kinga isiyomkinga aliyeivaa haiwezi kuhesabiwa kwamba imetolewa. Wanasheria wa kampuni watabisha. Waache wabishe, lakini maandishi yako yawe yameshafika kwenye daftari.

Sasa hizo namba. Si siri na wala hazihitaji fundi.

Glavu za kazi zinazofuata kipimo cha Ulaya, na hata nyingi za China zinazofika hapa zinakifuata ama zinajidai kukifuata, zina namba kuanzia 6 mpaka 11 hivi. Namba inatoka kwenye mzunguko wa kiganja ukihesabiwa kwa inchi. Chukua kamba, hata ile ya kushonea gunia. Zungusha kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, chini kidogo ya vifundo vya vidole vinne, kidole gumba kikae nje. Usikaze. Tia alama, kisha nyoosha kamba kwenye rula ya mtoto wa shule. Ukipata karibu sentimita 18, wewe ni 7. Sentimita 20 na kidogo, ni 8. Karibu 23, ni 9. Sentimita 25 na nusu, njo 10. Kama rula hakuna, karatasi ya kawaida ya ofisi ina upana wa sentimita 21: kamba yako ikiwa fupi kidogo kuliko upana huo, wewe uko kwenye 8.

Wengi wanaishia hapo. Usiishie hapo, maana umbo la mkono bado hujalijua. Pima na urefu: kutoka mstari wa kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Kipimo kile kile kinasema mkono wa namba 7 una urefu wa milimita 171, wa 8 una 182, wa 9 una 192, wa 10 una 204. Sasa linganisha. Mzunguko ukikuambia 9 na urefu ukikuambia 8, una kiganja kipana na vidole vifupi. Wewe ndiye yule wa cadet. Mzunguko ukisema 7 na urefu ukisema 9, una mkono mwembamba wa vidole virefu. Vikikubaliana, shukuru, utapata glavu kwa urahisi.

Pima jioni, baada ya kazi. Mkono uliobeba mizigo tangu saa kumi na mbili za asubuhi unavimba, na glavu iliyokuwa sawa asubuhi inaanza kukata damu saa tisa.

Mwenye vidole vifupi afanyeje, kwa sababu glavu za kazi za cadet hazifiki kwetu? Achukue namba ya kiganja chake, asichukue ya vidole. Kiganja kikibanwa mkono wote unachoka. Halafu apendelee zile za kufumwa kwa uzi unaovutika. Kama ni za ngozi, fundi wa viatu anaweza kugeuza ncha za vidole ndani na kuzishona tena. Ni kazi ya dakika chache. Zile za kufumwa usizikate ncha hata kidogo, uzi utafumuka na kunaswa kila mahali. Mwenye vidole virefu na mkono mwembamba yeye afuate urefu, lakini atafute yenye kamba ya kubandika au ufumo unaobana kwenye kifundo, la sivyo atabaki na glavu ndani ya gunia na mkono hewani.

Halafu jaribu kabla ya kulipa, na muuzaji akikasirika nenda kwa mwingine. Vaa zote mbili. Kunja ngumi mara tano. Okota sarafu chini, ama msumari, ama punje ya harage. Ukishindwa, glavu ni nene au ni kubwa kwa kazi ya vidole. Kamata mpini wa kitu chochote kilicho karibu, mwambie mwenzako auvute. Kama glavu inazunguka ndani ya mkono, yaani mpini unakwenda na glavu lakini kiganja kinabaki, hiyo iache.

Watu wengi wanadhani glavu nene ndiyo inayolinda zaidi. Kwa mchimbaji anayegonga nyundo mchana kutwa, glavu nene isiyomwenea inamfanya akaze mkono zaidi ili ausikie mpini. Kukaza huko ndiko kunakomaliza mkono wa mbele, na usiku vidole vinakufa ganzi. Baba mmoja aliyeacha kazi ya mgodi aliniambia alikuwa anatupa glavu alizopewa na kujifunga kitambaa. Wakubwa walimwita mkaidi. Mkono wake ulikuwa unamwambia ukweli.

Turudi Kituku.

Msomaji wa Kinshasa ambaye hajafika, Kituku ni soko na bandari ya mitumbwi upande wa Kyeshero, pale ambapo ziwa Kivu linaingia karibu kabisa na nyumba za watu. Wengi walisikia jina lake tarehe 3 oktoba 2024, ile meli Merdi iliyotoka Minova ilipozama mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingoja. Lakini kila siku Kituku ni kazi: ndizi, mihogo, maharage, makala, mbao, samaki, mama anayeuza, mtoto anayechota maji. Hakuna mashine ya kunyanyua. Kila kitu kinachokula mji kutoka upande ule kinapita juu ya mgongo na katikati ya vidole vya mtu. Na mimi nakwenda pale kwa sababu wenzangu wengine wa zamani wa migodini sasa wanabeba mizigo pale, na mikono yao naijua.

Bandari hii moja ina kazi nyingi, na kila kazi ina glavu yake.

Anayeshusha makala anakutana na vijiti vinavyotokeza kwenye gunia, na kamba zilizosokotwa juu yake. Vidole vyake vinaingia chini ya kamba hiyo kila mara. Huyu anahitaji glavu ya kufumwa ambayo kiganja chake kimepakwa mpira, namba yake kamili, ncha za vidole zisiwe na nafasi. Vumbi la makala litapita, hilo halizuiliki. Ngozi ngumu ya ng'ombe ambayo wengi wanaisifu haifai mtu anayeingia majini mpaka magotini kuvuta mtumbwi: ikilowa na kukauka juani inakuwa kama ubao, na ile namba uliyochagua kwa uangalifu inapungua. Niliona moja iliyokauka ikasimama yenyewe juu ya jiwe kama mkono wa mtu aliyeapa.

Anayekamata kamba za mitumbwi na kujaza mafuta ya mota aangalie aina ya mpira. Kuko ule wa asili, unaokamata vizuri sana kitu chenye maji. Petroli inauharibu, unavimba na kunata. Kuko ule unaoitwa nitrili, ambao unavumilia mafuta. Kwa macho ni vigumu kutofautisha, lakini mara nyingi jina limeandikwa kwenye karatasi ya jozi. Zile nyembamba za daktari, ambazo Goma yote ilizijua wakati wa Ebola mwaka 2019, si za kazi hii. Bado naona wamama wanaosafisha samaki wakizivaa, na kwa samaki sawa, angalau kwa saa moja. Kwa mbao zinachanika kabla hujafika juu.

Mbao zina vibanzi, na hapa ngozi inashinda, mradi zisiwe zimelowa.

Na mawe. Wale wanaovunja mawe ya volkano kwa ajili ya misingi ya nyumba wanajua kwamba jiwe la Nyiragongo si jiwe kama mengine. Lina matundu, na kila tundu lina ukingo unaokata kama chupa. Tangu lava ya 2002 ilipopita katikati ya mji, na tena ile ya 2021 iliposimama karibu na uwanja wa ndege, mawe hayo hayajakosekana na mikono ya kuyavunja haijakosekana. Hapa angalia mgongo wa glavu. Ukiona picha ndogo ya nyundo na chini yake namba nne, hicho ni kipimo kinachoitwa EN 388. Namba ya kwanza inasema glavu inavumilia msuguano kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 4. Ya pili ni kukatwa, mpaka 5. Ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa, zote mbili mpaka 4. Kwa mawe, tazama mbili za kwanza. Ukikuta 1 na 1, hiyo ni ya kupanda maua. Ukikuta herufi X badala ya namba, maana yake hawakupima. Na ukikuta nyundo bila namba yoyote, mtu alichora nyundo.

Wa chukudu sijawasahau. Mji uliwajengea sanamu ya rangi ya dhahabu, glavu haukuwajengea. Mpini wa mti wa chukudu ndio unaofanana zaidi na fimbo ya golf: unakamatwa na mikono miwili, unatetemeka, na kwenye mteremko wenye mzigo wa viazi kuteleza mara moja kunatosha. Kwao glavu nyembamba inayobana ni bora kuliko nene. Yule kijana wa makala angekuwa wa chukudu, ningemwambia atafute ya pili ya kuume aendelee nazo.

Sasa sehemu ambayo naomba isisomwe haraka. Kuna mahali ambapo glavu inayokuenea na isiyokuenea zote ni mauti. Mashine yoyote inayozunguka: kinu cha mihogo na mkanda wake, kroba inayotoboa, winchi inayokunja kamba, mashine ya kusaga mawe. Mkono mtupu ukigusa unachunwa, lakini mara nyingi unaweza kujiondoa. Glavu inanaswa na kuvuta mkono wote kabla hujapiga kelele. Pale, vua glavu, kunja mikono ya shati, na mashine isimamishwe kwanza kabla mtu hajaigusa. Mwenzetu aliyepoteza pingili mbili, hata angekuwa na namba yake sawasawa, ule mkanda ulihitaji kifuniko cha chuma. Kampuni ilichagua kununua glavu kwa sababu kifuniko kina bei na glavu zina daftari la kusaini.

Na glavu haipunguzi uzito. Shirika la Kimataifa la Kazi, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, linasema mzigo anaobebeshwa mwanaume mzima ukipita kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Nenda Kituku ujaribu kunyanyua gunia la makala lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa cha majani, kisha niambie. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Kunabaki swali la nani analipa. Mgodini jibu liko: mwajiri. Kituku mwajiri ni nani? Mwenye mtumbwi anasema mzigo si wake. Mwenye mzigo anasema amemlipa mtu kwa kila gunia, yaishe. Mwenye depo anasema yeye ananunua tu. Kila mmoja ana ukweli nusu, kama ile glavu ya golf. Nimewashauri wabeba mizigo wasingoje watatu hao wapatane. Wana likelemba yao, wengine huita likirimba, na wanatoa kila wiki. Wakiweka kidogo pembeni, wanaweza kununua kwa pamoja, na anayenunua kwa pamoja ana haki ya kudai namba anazotaka. Mtu mmoja akiomba namba 8 muuzaji anamwambia haiko. Watu ishirini wakiiomba, itapatikana hata kama ni kwa kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Baadaye, wakishakuwa na karatasi inayoonyesha wanachotumia, waende nayo kwa wenye depo kudai sehemu yao. Kwa mkono mtupu hawatasikilizwa.

Jambo lingine dogo: kila mtu na glavu zake. Pale Kituku nimeona jozi moja ikizunguka kwa watu watatu, asubuhi, mchana, jioni. Mbali na jasho na upele, glavu inayovaliwa na watatu inachukua umbo la mwenye mkono mkubwa kuliko wote, na wale wawili wanabaki na namba 10 yao ileile. Zioshe, zianike kivulini, andika jina ndani. Na kabla ya kula, glavu iliyoshika maji ya ziwa isikae karibu na mkate; kipindupindu kwetu si hadithi.

Wiki iliyopita tulipima. Tulikaa kwenye mbao zilizokuwa zinangoja gari, mimi na kamba ya gunia, mwanafunzi mmoja na rula yake na daftari. Watu walicheka mwanzoni. Mmoja aliuliza kama tunawapima suti ya arusi. Kisha mama mmoja anayebeba mihogo, ambaye amefanya kazi pale miaka mingi kuliko sisi wote, alinyoosha mkono wake. Mzunguko, 8. Urefu, 7. Akatazama namba, akauliza: "Basi si mikono yangu njo mibaya?" Nikamwambia hapana, mama, ni glavu.

Baada yake walipanga mstari. Tuliandika safu tatu: jina, mzunguko, urefu. Wa namba 7 walikuwepo, wa 8 walijaa, wa 9 pia, na wengi katika hao vidole vifupi kuliko kiganja. Wa 10 walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Orodha imekwenda kwa muuzaji wa Birere siku ya jumatatu. Alisema anazo 10 kartoni nzima, kwa bei nzuri. Tumemwambia tunangoja hizo nyingine.